Siku Mama Mchungaji Alipomwaga Unga Ziwani

Nilipokuwa mtoto, kwetu mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, sufuria yenye masizi iliogopwa kuliko mamba. Mamba ungeweza kumkwepa, na kulikuwa na wazee waliojua anapolala. Lakini masizi yakiingia Ziwa Tanganyika hukuwa na pa kukimbilia. Ziwa lingechukia, upepo ungetoka kusini, mawimbi yangeinuka, na wa kulipia asingekuwa wewe uliyechafua maji. Angekuwa baba wa mtu, yuko huko ndani anavua dagaa, hana habari. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi, na nimezeeka nikiwa hivyo hivyo. Mlango nikishaufunga narudi kuujaribu.

Kijiji chetu kilikuwa kaskazini ya Mwamgongo, kimebanwa kati ya mlima na maji, hakifikiki ila kwa boti, au kwa miguu kwa mtu mwenye magoti mazuri. Sahani na vikombe tuliosha ziwani, nguo tulifulia ziwani, na sisi wenyewe tulioga humo humo. Sufuria peke yake, ile inayokaa motoni, ndiyo iliyooshewa nyumbani. Ulichota maji ukapanda nayo, ukaisugua kwa majivu nyuma ya jiko, na maji machafu ukayamwaga shinani mwa mgomba. Msichana aliyelelewa vizuri alijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Mama yangu hakuzaliwa kwenye maji. Kwao ni milimani, upande wa Kasulu, ambako kijito kikubwa kuliko vyote mbuzi alikiruka bila kujiandaa. Baba alimwoa akiwa bado mwinjilisti, akamleta kwa boti, na inasemekana njia nzima alifumba macho akiimba wimbo mmoja wa tenzi mpaka nahodha akamwomba angalau abadilishe ubeti. Baadaye Baba akabarikiwa kuwa mchungaji, naye akawa Mama Mchungaji kwa kijiji kizima, Waislamu kwa Wakristo. Pale alituzaa, pale alizika wawili nyuma ya kanisa, na pale aliwafundisha akina mama kushona vitambaa vya makochi, ingawa hapakuwa na kochi hata moja kijijini.

Alikuwa mtu wa magoti. Alfajiri ulimkuta kando ya kitanda, na chochote alichoomba, hata kama ni kuku aliyekuwa analalia mayai, alikimalizia kwa jina la Yesu. Uongo hakuujua, hata ule wa adabu. Mke wa askofu alipotutembelea akamuuliza kama gauni lake jipya limempendeza, Mama alinyamaza mpaka sote tukaona aibu, kisha akasema kwamba kitambaa chenyewe ni kizuri.

Mambo ya mizimu na miiko aliyapinga waziwazi mbele ya akina mama wa kanisa. Hata hivyo, maji ya kuoshea sufuria alipanda nayo nyumbani kama wengine. Baba alimtania.

"Mama Debora, na wewe unaogopa masizi?"

Mama alijibu: "Ziwa ni la wenyewe. Mimi nilikuja kuolewa tu."

Baba alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Mama akitupia maji jicho aliposema hivyo.

Ndipo ukaja mwaka ule Warundi walipovuka kwa wingi. Mitumbwi ilitoka kaskazini imejaa mpaka maji yakawa yanachungulia ndani. Walishuka watu na mikeka yao, mbuzi mmoja, vyungu, na mzee aliyekumbatia kichwa cha cherehani bila meza yake. Walishukia kwetu kwa sababu bati la kanisa lilionekana kutoka mbali. Serikali ilileta habari kwamba itakuja meli kuwachukua kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko kwenda walikoandaliwa makazi. Mpaka meli ifike, walikuwa wa kwetu.

Baba alitoa mabenchi nje, akawalaza kanisani. Chakula kilipoanza kupungua akafunga safari kwenda Kasulu kuomba mahindi na mablanketi kwa wakubwa wa kanisa. Mama akabaki na wageni, na sisi, na sufuria ya kanisa. Hiyo ilikuwa sufuria ya harusi na Krismasi, kubwa kiasi kwamba mimi ningeweza kukaa ndani nisionekane. Sasa ilikaa motoni kila siku, na tumbo lake likawa jeusi kama usiku.

Nisiwasingizie watu wa kijiji chetu. Mwanzoni walileta mihogo, walileta dagaa, walitoa nguo zao. Lakini siku zilivyokwenda mikono ikaanza kukunjika. Mihogo ilichimbwa shambani kwa watu na haikujulikana nani kachimba. Vijana wa mwaloni wakawa wananung'unika bila kuficha.

"Hawa watatumaliza."

"Si walikuja na mitumbwi? Mitumbwi yao ipo. Waipande warudi."

Nilikuwa nikiyasikia haya nikienda kuchota maji, na nilijua maana yake. Wale wanawake walikuwa wakinyamaza ghafla likitajwa jina la kilima fulani cha kwao. Kurudi kule haikuwa safari ya kwenda nyumbani.

Miongoni mwao alikuwa Dafroza. Alikuwa mwanamke mdogo, mtoto mchanga mgongoni, mume hatujui alibaki wapi, na hatukuuliza. Kirundi chake na Kiha chetu vilielewana bila mkalimani. Tulichekeana maneno machache tu yaliyotofautiana. Hakuweza kukaa bila kazi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuja jikoni akiamkia, "Mwakeye, Mama," tayari kashika mwiko. Mama alimpenda kwa sababu hakungoja kutumwa.

Na ndivyo jambo lenyewe lilivyotokea, kwa kutongoja kutumwa. Hakuna aliyemwambia habari za masizi. Sisi tulidhani kila mwenye mama anajua. Huko kwao milimani sufuria iliteremshwa mtoni ikasuguliwa na mchanga, ikapandishwa inang'aa, na mtu akasifiwa.

Asubuhi hiyo vipe vilikuwa havijarudi. Kipe ni mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa ajili ya kuvua dagaa kwa taa. Vilitoka jioni na kurudi jua likichomoza, wakati mwingine vikichelewa. Niliteremka na ndoo yangu nikamkuta Dafroza majini mpaka kwenye vigimbi vya miguu, mtoto mgongoni, sufuria ya kanisa imelala ubavu mbele yake. Alikuwa anasugua na kuimba. Weusi ulikuwa unamzunguka na kwenda taratibu kwenye kina, mrefu, kama mtu anautandaza kwa makusudi.

Nilitupa ndoo nikapanda mlima mbio. "Mama! Sufuria! Ziwani!"

Mama aliteremka bila viatu. Nilitarajia atapiga kelele. Hakupiga. Aliingia majini, akashika mpini mmoja wa sufuria, akamwambia Dafroza ashike wa pili, na wakapanda nayo. Njiani alimweleza kwa Kiha, kwa sauti ya chini. Nilimwona Dafroza akiziba mdomo kwa kiganja.

"Mawe!" alishtuka kwa Kirundi, kama mtu anayemwita mama yake. "Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Usimwambie mtu."

Lakini masizi hayana siri. Yalibaki kwenye mawe meupe ya ufukweni, na mchangani ulibaki mfuo wa sufuria iliyoburutwa. Hakuna sufuria nyingine ya ukubwa ule kijijini.

Upepo ulianza tukiwa bado tunakunywa uji. Mwanzoni ulicheza na majani ya migomba. Kisha bati la kanisa likaanza kugonga, na nilipochungulia nikaona ziwa limegeuka rangi, limekuwa la kijivu lenye meno. Wanawake walikuwa wameshajipanga ufukweni, wale wenye waume zao huko ndani, khanga zimewaganda miilini. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanatazama tu, na huko kutazama kulinitisha kuliko kilio.

Mama Zaituni, mnunuzi wa dagaa ambaye kila asubuhi alisubiri vipe akiwa amekalia ndoo, ndiye aliyeona yale mawe.

Walikuja uani kwetu wengi kwa pamoja. Mbele alitangulia mwenyekiti wa kijiji, na ubavuni mwake Mzee Luhaga. Huyu Mzee Luhaga alikuwa mteko, yaani mtu anayesuluhisha watu na ardhi na maji pale mwiko unapovunjwa. Krismasi alikuja kanisani, Idi alikwenda msikitini, na kote alikaribishwa chakula. Siku ile hakuwa na uso wa sikukuu. Nyuma yao walikuwa vijana, wawili watatu wameshika makasia.

Wakimbizi walitoka kanisani, wakasimama ukutani wamebanana.

"Shikamoo, Mzee," Mama alisema.

"Marahaba, Mama Mchungaji. Hatukuja kwa ugomvi," Mzee Luhaga alijibu. "Vipe havijarudi, unaona mwenyewe hali ya maji. Na sufuria yako imeoshwa ziwani. Nataka kujua ni mkono wa nani."

"Unauliza nini, Mzee?" kijana mmoja mwenye kasia alidakia. "Si hawa hapa? Nani mwingine hajui mwiko? Kaka yangu yuko huko ndani! Wapande mitumbwi yao sasa hivi, waondoke na mkosi wao."

"Kwenye mawimbi haya?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwani kaka yangu yuko kwenye mawimbi gani?"

Mwenyekiti alitazama chini. Hapo nilielewa kwamba anaweza kukubali. Nilimtazama Dafroza. Kiha kilikuwa kimemwingia vizuri kabisa. Midomo ilikuwa imemkauka, na alikuwa ameanza kumfungua mtoto mgongoni, taratibu, kama anayetaka kumkabidhi kwa mtu kabla ya kusogea mbele.

"Ni mimi," Mama alisema.

Mimi nilitafuta ni nani aliyesema, kwa sababu haikuniingia akilini kwamba sauti ile ni ya mama yangu.

"Wewe?" Mzee Luhaga aliuliza. "Wewe si mgeni wa mwiko huu. Miaka yote hii nakuona unapanda na maji."

"Nilikuwa na haraka. Watu wengi, sufuria moja. Nikasema leo tu."

Alisema bila kupepesa macho. Mtu aliyeshindwa kumdanganya mke wa askofu kuhusu gauni alikuwa anadanganya kijiji kizima, tena anaongeza na maelezo. Yule kijana aliyeshika kasia alilishusha. Mgeni ungemfukuza, lakini Mama Mchungaji alikuwa amempokea yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa kwake.

Mzee Luhaga alimtazama kwa muda. Siku hizi nafikiri alijua. Kama alijua, hakuonyesha.

"Basi utaratibu unaujua," alisema. "Aliyechafua ndiye anayeomba. Unga mweupe wa mtama, na kinywa chako mwenyewe. Hakuna wa kukuombea."

Hapo ndipo mzee wa kanisa aliyeachiwa zamu na Baba alipojipenyeza mbele. Alikuwa mtu mwema, mwenye kuogopa makosa kama mimi.

"Mama Mchungaji, usithubutu," alisema. "Mchungaji hayupo. Ukiingia majini na unga, hata yeye hataweza kukutetea. Utatengwa. Na yeye atasimamaje madhabahuni?"

Mama aliingia ndani, nami nikamfuata.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye mapaja.

"Mama, si wewe."

"Nyamaza, Debora."

"Lakini si wewe!"

Alinivuta karibu mpaka nikasikia moshi wa nguo zake. "Sikiliza. Mimi watanisema. Yule watamtia majini, na mtoto wake. Umeelewa? Hili halitoki humu ndani. Baba yako akirudi, usimwambie. Mtu yeyote, usimwambie."

Nikaitikia kwa kichwa. Akainuka, akachota unga wa mtama kwenye kibakuli, akafunga khanga kiunoni, akatoka.

Nilimfuata mpaka ufukweni nikishika pindo la khanga yake. Watu walibaki nyuma, kwenye mchanga mkavu. Mzee Luhaga alimwonyesha mahali, palepale penye mawe yenye masizi. Mama akaingia. Wimbi la kwanza lilimpiga magotini, la pili likamlowesha mpaka kiunoni, akayumba. Kumbuka kwamba huyu ni mwanamke aliyekuja kwenye maji haya akiwa amefumba macho. Hakujua kuogelea, na hakujifunza hadi anakufa.

Alisema nini, wale wa nyuma hawakusikia. Upepo uliyachukua maneno. Mimi nilikuwa karibu, maji yakinifika mapajani, na nilisikia. Alilitajia ziwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo mimi nililijua kwa shida. Akasema kwa Kiha: "Tumekukosea. Waachie watoto wa watu. Ukiwa na hasira, ni mimi hapa." Akamwaga unga. Ukaelea kidogo juu ya povu, kisha haukuonekana.

Nilisubiri amalizie. Nilimsubiri aseme kwa jina la Yesu, kama alivyosema kwa kuku na kwa mvua na kwa homa zetu. Hakusema. Aligeuka akatoka majini, midomo imefungwa.

Kama umewahi kuogopa vitu viwili vinavyopingana kwa wakati mmoja, utanielewa. Hadi hapo nilikuwa nimeliogopa ziwa. Sasa niliogopa na mbingu. Nilijiambia kwamba wavuvi wasiporudi, watu watasema Mama kaomba vibaya, na mgeni atatafutwa tena. Na wakirudi, basi Mama kamwomba asiyepaswa kuombwa na kasikilizwa, na Mungu atamwacha hivihivi? Kila upande niliogeukia niliona Mama yangu anaangamia. Nilikaa juu ya jiwe meno yakigongana, na si kwa baridi peke yake.

Tulingoja. Mama hakurudi nyumbani kubadili nguo. Alisimama na wale wanawake wenye waume ziwani, akiwa ameloa kama wao, na Mama Zaituni akavua khanga yake ya juu akamfunika nayo mabegani. Jua lilipita utosini. Upepo ukaendelea, ukachoka, ukaendelea tena. Alasiri bati la kanisa likaacha kugonga.

Kisha mtu akapiga yowe, akinyoosha mkono kusini. Vipe vilikuwa vinakuja, vimekaribiana, wanaume wakipiga kasia taratibu kama watu waliochoka kabisa. Nyavu zilikuwa zimepotea, na taa nyingi zimevunjika. Watu walikuwemo wote.

Sijui kuueleza ule mshindo wa furaha. Wanawake waliingia majini na nguo zao. Yule kijana mwenye kasia alimshika kaka yake akamtikisa kama anayegombana naye. Halafu wakamgeukia Mama. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vingetosha harusi, na vilipigwa kwa ajili ya mke wa mchungaji aliyemwaga unga.

Katikati ya kelele nilimsikia mvuvi mmoja mzee akisema kwamba wao waliuona upepo unakuja kabla hakujapambazuka, wakajificha kwenye ghuba chini ya milima ya Gombe, wakakaa humo mpaka maji yalipotulia. Kabla hakujapambazuka. Yaani Dafroza alikuwa bado amelala kanisani, na sufuria imejaa makoko ya ugali wa jana. Nilitazama kama kuna mwingine aliyesikia. Hakuna aliyetaka kusikia, na ukweli ni kwamba hata mimi, kwa umri ule, nilichukua maneno yale nikayaweka kando. Uzito wa hofu ya siku nzima haushuki kwa sentensi moja ya mvuvi.

Meli ya serikali ilikuja baadaye, ikatia nanga mbali kidogo, na wageni wetu wakapelekwa kwa mitumbwi midogo. Dafroza alipiga magoti mchangani mbele ya Mama, mbele ya watu.

"Murakoze, Mama," alishukuru kwa Kirundi.

"Inuka," Mama alimwambia. "Mfunike mtoto, jua kali."

Hatukumwona tena. Wakimbizi wengine walishuka wiki iliyofuata, na wengine baada yao.

Baba aliporudi na magunia yake ya mahindi, habari ilikuwa imeshamtangulia. Wazee wa kanisa walikaa kikao. Mama hakujitetea, na Jumapili iliyofuata ikabidi Baba mwenyewe asome tangazo kwamba mkewe ametengwa na meza ya Bwana na hataongoza akina mama. Alilisoma akishikilia karatasi kwa mikono yote miwili. Mama alikaa benchi la nyuma kabisa, mahali pa walevi waliotubu nusu na wasichana walioharibikiwa, na aliimba kwa sauti ileile.

Nilipokua nilijiuliza kwa nini hakusema ukweli mara Dafroza alipokwisha kuondoka. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, likishuka kutoka mitumbwini kila wiki na mikeka yake. Kama kijiji kingejua kwamba masizi yalikuwa ya mkimbizi, wa wiki iliyofuata wangepokelewa kwa makasia. Kwa hiyo alikaa benchi la nyuma. Ila alianza kuwapeleka wageni wapya nyuma ya jiko siku ileile ya kufika, kuwaonyesha majivu na mgomba.

Baadaye alisimama mbele ya kanisa akatubu, akarudishwa. Alisema amekosa kwa kumwomba asiyekuwa Mungu. Waumini waliimba, Baba alilia, na maisha yakaendelea. Tulihamishwa mitaa mingine ya kanisa, tukahamishwa tena. Alizika mume, alizika marafiki karibu wote, alilea wajukuu na vitukuu, na macho yalipofifia nikamchukua nikaishi naye kwangu Gungu, mjini Kigoma. Umri wake hatukuujua. Alizaliwa zamani za kutoandika. Aliamka alfajiri kama zamani na kupiga magoti, mpaka magoti yalipokataa, akawa anaomba amekaa.

Alasiri moja tulikuwa barazani, namchambulia mchicha, bodaboda zikipita na kelele zao. Sijui kilichonisukuma. Tulikuwa hatujawahi kulizungumza jambo lile, yeye na mimi, maisha yote.

"Mama, siku ile ya unga. Uliamini?"

Hakuniuliza siku ipi.

"Niliamini," alisema. "Baba yako alicheka akidhani ni mzaha, lakini mimi maji yale niliyaogopa tangu siku ya kwanza. Siku ile niliyaogopa kuliko nilivyomwogopa Mungu. Niliyaomba kwa moyo wangu wote, mwanangu, si maigizo. Ndiyo maana nilitubu, na nilitubu kweli."

"Na lile la kusema ni wewe?"

"Lile?" Alipapasa mpaka akapata mkono wangu, na majani ya mchicha. "Ule ni uongo, na uongo ni dhambi. Nimefundisha hivyo miaka yote. Kila nikipiga magoti nalikuta pale, linaningoja. Nalipita."

"Hujalitubia?"

"Nikilitubia ni kusema ningeweza kurudi nyuma nisiliseme. Sasa nitamwambiaje Mungu hivyo, wakati anajua ningelisema tena?"

Akaniambia niendelee na mchicha.

Nilikuwa nimeishi nikidhani woga wa Mama uliishia kwenye boti iliyomleta, na kwamba woga wangu nimeutoa kwa watu wengine. Kumbe niliurithi kwake mzima mzima. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikiogopa hukaa juu ya jiwe, na yeye aliogopa ziwa, akaogopa watu, akaogopa Mungu, akaingia majini hivyo hivyo na bakuli lake. Amekufa mwaka huu, kwa amani, jina la Yesu mdomoni, na dhambi moja ambayo hakuitubia. Kanisani kwetu hatuwaombei wafu. Hata tungekuwa tunawaombea, kwa hiyo moja nisingemwombea msamaha.